Namna ya Kupokea Maarifa kutoka kwa Mbia wa Nje: Mwongozo kwa Kampuni Inayoingia Ubia wa Kimataifa

Kampuni nyingi za ukanda wetu huingia ubia na kampuni ya nje zikitarajia mambo mawili, mtaji na ujuzi. Mtaji huonekana benki mapema, na kila shilingi yake ina mtu wa kuitolea hesabu. Ujuzi huandikwa katika kifungu kimoja kifupi cha mkataba, kinachosema kwamba mbia wa nje atahaulisha teknolojia na kutoa mafunzo, na tangu siku hiyo hakuna anayeulizwa umefikia wapi. Miaka mitano ikipita mitambo ipo, wataalamu wamerudi kwao, na kila hitilafu ikitokea simu inapigwa ng'ambo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wakurugenzi, mameneja wa uzalishaji na wanasheria wa kampuni ambao hawataki kufikia hapo. Umeandikwa kutoka upande wa anayepokea, kwa sababu nimeamini kwamba kiasi cha maarifa kinachohama katika ubia hutegemea maandalizi ya mpokeaji kuliko ukarimu wa mtoaji. Mfano unaolithibitisha jambo hili vizuri kuliko mwingine wowote ninaoujua ni wa kiwanda kimoja cha magari nchini Marekani, nao nitaurejea mara kwa mara.

Mfano wa Fremont

Mwaka 1982 General Motors ilifunga kiwanda chake cha Fremont, California. Kilikuwa na magari yenye kasoro nyingi, ugomvi usiokwisha kati ya uongozi na chama cha wafanyakazi, na utoro uliokaribia asilimia 20 ya wafanyakazi kwa siku. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa jina la NUMMI, ubia wa General Motors na Toyota, huku Toyota ikishika usimamizi. Wengi wa walioajiriwa walikuwa wale wale wa zamani, chini ya chama kile kile cha wafanyakazi wa magari, UAW. Viongozi wa vikundi vya kazi wapatao 450 walipelekwa Japani, katika kiwanda cha Toyota cha Takaoka, kwa mafunzo ya wiki tatu, wakifanya kazi ile ile watakayoifanya nyumbani pamoja na wenzao Wajapani. Kufikia mwisho wa mwaka 1986 tija ya kiwanda hicho ilikuwa imepita ya kiwanda kingine chochote cha General Motors, na utoro ulikuwa umeshuka hadi asilimia chache tu.

Hadi hapo habari ni njema kwa pande zote mbili, lakini inafaa kutazama kila mbia aliondoka na nini. Toyota iliingia ubia ikiwa na swali mahususi: je, utaratibu wake wa kazi unaweza kufanya kazi kwa wafanyakazi wa Kimarekani, chama chao na wauzaji wa vipuri wa huko? Ilipeleka watu wa kulijibu swali hilo, ikapata jibu, na mwaka 1988 kiwanda chake yenyewe huko Georgetown, Kentucky, kilikuwa kinatoa magari. General Motors ilikuwa na mwalimu ndani ya nyumba yake, lakini iliingia bila swali la namna hiyo. Ilipeleka mameneja wachache wachache, ambao waliporudi walitawanywa katika kampuni kubwa isiyojua walichokiona. Jaribio la kuupeleka utaratibu huo katika kiwanda cha Van Nuys, pia cha California, lilikataliwa na mameneja na wafanyakazi vilevile, na kiwanda hicho kikafungwa mwaka 1992. Mbia mmoja alijifunza ndani ya miaka minne, na mwenzake, aliyekaa darasa hilo hilo, alihitaji muda mrefu zaidi ya huo.

Hatua ya kwanza: andikeni mnachotaka kuweza kukifanya wenyewe

Kabla ya kukaa mezani na mbia, kaeni wenyewe. Wakusanyeni mkuu wa uzalishaji, mkuu wa ubora, fundi mkuu na mhasibu, kisha andikeni orodha ya kazi ambazo mnataka kampuni iweze kuzifanya bila msaada baada ya muda mtakaoutaja. Andikeni kazi yenyewe, msiandike jina la elimu. "Ujuzi wa kisasa wa matengenezo" hauna namna ya kukaguliwa. "Mafundi wetu watatu wataweza kufungua, kukagua na kufunga upya sanduku la gia la mashine ya pili bila mtaalamu wa nje" ni sentensi ambayo mtu anaweza kwenda kiwandani akaona kama imetimia.

Orodha hiyo itawalazimisha pia kuamua maarifa yapi ni kiini na yapi ni pembeni. Kuendesha mfumo ni jambo moja, kuubadilisha ni jingine. M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwezi Machi 2007 na Safaricom, kwa mfumo uliobuniwa chini ya Vodafone, kampuni ya simu ya Uingereza, na kwa miaka kadhaa mitambo iliyoubeba ilikuwa Ujerumani. Safaricom ilijua soko, mawakala na wateja kuliko mtu yeyote duniani, lakini mitambo hiyo ilihamishiwa Kenya mwaka 2015 tu, na ni mwaka 2020 ndipo Safaricom na Vodacom, kupitia ubia wao, zilipoinunua kutoka Vodafone chapa ya M-Pesa pamoja na uendelezaji wa huduma na jukwaa lake. Safari hiyo ilichukua miaka 13. Hakuna ubaya kuanza kwa kuendesha kitu cha mwenzako, ilimradi mnajua tangu mwanzo ni sehemu ipi bado haijawa yenu na mmepanga kuifikia.

Hatua ya pili: pimeni uwezo wenu wa kupokea

Maarifa mapya hushika mahali palipo na maarifa yanayofanana nayo. Mwaka 2003 kampuni ya Kijapani ya Sumitomo Chemical iliipa A to Z Textile Mills ya Arusha teknolojia ya kutengeneza vyandarua vya Olyset, ambavyo dawa yake huchanganywa ndani ya uzi wa poliethilini na kujitokeza juu taratibu, na iliitoa bila kudai mrabaha, yaani malipo ya kuitumia teknolojia hiyo. Watu huusimulia mkasa huo kama habari ya ukarimu wa Wajapani, na ukarimu ulikuwepo kweli. Husahaulika kwamba A to Z ilikuwa kiwanda cha nguo cha miaka mingi, chenye uzoefu wa vyandarua vya poliesta, chenye mafundi wa kushona, wasimamizi wa zamu na wanunuzi. Kilichokuwa kigeni ni uzi wenye dawa, na mengine mengi yalikuwa yanafahamika. Mwaka 2007 kampuni hizo mbili ziliunda ubia wa nusu kwa nusu, Vector Health International, baada ya kufahamiana kazini kwa miaka.

Kwa hiyo jiulizeni, kwa kila kazi iliyo kwenye orodha yenu: ni nani ndani ya kampuni anayefanya jambo linaloikaribia? Kama hakuna, ajirini mtu huyo au msomesheni kabla mtaalamu wa nje hajafika. Kumleta mtaalamu wa gharama kubwa aje afundishe misingi ya umeme ambayo chuo cha ufundi cha mkoa kingeifundisha ni kupoteza siku zake na fedha zenu.

Hatua ya tatu: tenganisheni maarifa ya karatasi na maarifa ya mikono

Hii ndiyo hatua ninayoomba msomaji akae nayo kwa muda mrefu zaidi.

Katika kila kazi kuna sehemu inayoandikika, kama vile michoro, vipimo, fomula na ratiba za matengenezo, na kuna sehemu ambayo mwenye ujuzi mwenyewe hajui kwamba anaijua. Sehemu ya kwanza hutumwa kwa barua pepe, lakini ya pili hukaa kwa mtu, na mtu huyo akiulizwa aieleze atasema kwa moyo safi kwamba hakuna cha ziada, yote yameandikwa kitabuni.

Niliwahi kuwapo katika kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti ambacho mbia wake wa nje alikuwa amefunga mashine mpya ya kukamua na kumleta mtaalamu wa kukaa nayo kwa miezi miwili. Kitabu cha maelekezo kilikuwa kinene na kizuri, na kilitaja unyevu wa mbegu, joto na kasi ya mashine kwa tarakimu. Mtaalamu alipoondoka, ndani ya wiki tatu mashine ilianza kukaba. Mafundi walifuata kitabu ukurasa kwa ukurasa na ikazidi kukaba. Tulikaa tukijiuliza mtaalamu alikuwa akifanya nini ambacho sisi hatufanyi, mpaka kijana mmoja wa zamu ya usiku, ambaye kazi yake ilikuwa kujaza magunia, akasema kwamba yule mzee, kila alipopita, alikuwa akichota mashudu yakiwa bado ya moto, anayavunja kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, anatazama jinsi yanavyokatika, kisha anakwenda kugusa gurudumu la kurekebisha upana wa mlango wa kutokea. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, na yeye hakusema, kwa sababu kwake lilikuwa jambo kama kupangusa jasho. Mashudu yanayokatika vipande vikavu yalimwambia jambo moja, yanayojikunja kama ngozi yalimwambia jingine. Kitabu hakikuwa na neno hata moja kuhusu kidole gumba.

Ili kuyapata maarifa ya namna hiyo, fanyeni hivi. Mteueni mtu mmoja kwa kila mtaalamu, ambaye kazi yake kwa kipindi chote ni kukaa naye tu, asipewe majukumu mengine. Mpeni daftari lenye safu tatu: alichofanya mtaalamu, kilichotangulia kabla hajafanya, na matokeo. Asiandike maelezo ambayo mtaalamu anayatoa, kwa kuwa hayo yamo kitabuni, ila aandike mikono, macho, masikio na pua vya mtaalamu vinaelekea wapi. Kila jioni wakae nusu saa na kuuliza swali moja kwa kila mstari: uliona nini kilichokufanya uende pale? Wataalamu wengi hulifurahia swali hili, maana ni mara chache mtu anawauliza juu ya kile wanachokijua kweli. Baada ya wiki ya kwanza, mgeuzieni kazi: fundi wenu ashike mashine na mtaalamu akae pembeni akiwa amekunja mikono, aseme pale tu anapoona kosa linakuja.

Mtu wa kumteua asiwe lazima mwenye cheti kikubwa. Chagueni mwenye macho na asiyeona haya kuuliza.

Hatua ya nne: yaingizeni haya yote katika mkataba

Kifungu cha mafunzo kiandikwe kwa namna inayoweza kudaiwa. Kitaje ni wataalamu wangapi watakuja, wa kada ipi, kwa siku ngapi za kazi kiwandani, na nani analipa nauli, malazi na mshahara wao. Kitaje ni wafanyakazi wangapi wa kwenu watakwenda kwenye kiwanda cha mbia na kwa muda gani. Muhimu kuliko yote, malipo ya leseni au ada ya usimamizi yafungwe na orodha mliyoiandika katika hatua ya kwanza, kiasi fulani kikilipwa pale tu kazi fulani inapofanywa na watu wenu na kuthibitishwa. Mbia makini hatakataa sharti hili, na anayelikataa amewasaidia kumfahamu mapema.

Tazameni pia hataza. Hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya kitu alichobuni, hulinda uvumbuzi katika nchi ilikosajiliwa tu, na kwa kawaida kwa miaka 20. Kabla ya kulipia leseni, mwanasheria wenu aulize ofisi inayosajili hataza, yaani BRELA kwa Tanzania au KIPI kwa Kenya, na aangalie pia usajili wa kikanda wa ARIPO, shirika la haki miliki la nchi za Afrika lenye makao makuu Harare, kama hataza hiyo inatumika mahali mnapotaka kuzalisha. Hata mkikuta haijasajiliwa kwenu, bado huenda mkahitaji kumlipa mbia kwa ajili ya ujuzi unaoizunguka, lakini mtajua mnalipia nini.

Kwa walioko Tanzania, sheria yenyewe inasaidia. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri wa mgeni kuwa na mpango wa urithishaji, yaani namna Mtanzania atakavyoandaliwa kuishika kazi hiyo, na kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zinadai mpango wa uhaulishaji wa teknolojia. Kampuni nyingi hujaza nyaraka hizi ili kupata kibali na kuzifungia kabatini. Tumieni mpango huo huo kuwa ratiba ya kazi: jina la mtaalamu, jina la mrithi wake, tarehe, na kazi moja moja atakazokabidhiwa.

Hatua ya tano: lindeni siri za pande zote mbili

Mbia atasema kwa uwazi zaidi akijua anayoyasema hayatatoka nje. Chini ya TRIPS, makubaliano ya Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki miliki, taarifa hulindwa kama siri ya biashara ikiwa kweli ni siri, ina thamani kwa sababu ni siri, na mwenye nayo amechukua hatua za maana kuitunza. Sharti la tatu ndilo linaloziangusha kampuni nyingi: michoro iko kwenye simu ya kila mtu na makabrasha yako juu ya meza ya mapokezi. Wekeni orodha ya nani anaona nini, na kila anayeona asaini. Fanyeni hivyo hivyo kwa ya kwenu. Orodha ya wauzaji wenu, bei mnazonunulia kwa wakulima na mbinu zenu za kusambaza bidhaa vijijini ni maarifa ambayo mbia wa nje angeyalipia, na pengine ndiyo yaliyomleta.

Hatua ya sita: mpeni mfanyakazi ruhusa ya kusema sijaelewa

Katika NUMMI kulikuwa na kamba iliyopita juu ya mstari mzima wa kuunganisha magari. Mfanyakazi aliyeona tatizo aliivuta. Muziki ukalia, taa ikawaka kwenye ubao, na kiongozi wa kikundi akaja kumsaidia. Kama tatizo halikutatuliwa kabla ya gari kumaliza eneo lake, mstari wote ulisimama. Katika kiwanda cha zamani, pale pale, kusimamisha mstari lilikuwa kosa ambalo mtu aliliogopa kuliko kupitisha gari bovu. Kamba yenyewe ingeweza kununuliwa na kiwanda chochote. Kilichohitaji kufundishwa ni kwamba anayeivuta hagombezwi, na hilo halifundishwi kwa hotuba, linafundishwa na sura ya msimamizi anayekuja mara ya kwanza kamba inapovutwa.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. Tumelelewa kumheshimu mkubwa na mgeni, na mafunzoni mtu huitikia "ndiyo" ili asimvunjie mwalimu heshima au asionekane mzito mbele ya wenzake. Mtaalamu anayetoka mahali ambapo "ndiyo" maana yake ni nimeelewa huendelea na somo. Dawa yake ni kuacha kuuliza "mmeelewa?" na badala yake kumwomba mtu aonyeshe. Dawa nyingine ni lugha. Somo likitolewa kwa Kiingereza, au kwa Kijapani kupitia mkalimani, litolewe tena siku hiyo hiyo kwa Kiswahili na fundi wenu aliyekuwapo, mtaalamu akiwa bado chumbani. Fundi akikwama katika kulieleza kwa Kiswahili, hapo ndipo alipokuwa hajaelewa, na mwenye jibu yupo. Maelekezo ya kubandika kwenye mashine yaandikwe kwa maneno ambayo mafundi wanayatumia gereji, hata kama si ya kamusi.

Mkalimani asiwe mtu wa ofisini asiyewahi kushika spana. Apelekwe kiwandani wiki moja kabla, ajue majina ya vifaa.

Hatua ya saba: safirisheni vikundi, na warudi wakiwa vikundi

Kosa la General Motors lilikuwa la kutawanya. Meneja mmoja aliyeona utaratibu mpya, akirudishwa peke yake kati ya mameneja 50 ambao hawakuuona, huwa na chaguo mbili, kunyamaza au kuondoka. Kwa hiyo msipeleke mtu mmoja bora. Pelekeni mkuu wa zamu, fundi wa umeme, fundi wa mitambo na mkaguzi wa ubora wa zamu moja, waone kitu kimoja kwa pamoja, na wakirudi wawekwe zamu moja. Zamu hiyo ikianza kutoa matokeo bora, zamu nyingine zitakuja zenyewe kuuliza.

Wakuu wa idara waliobaki nyumbani nao waandaliwe. Mtu anayerudi na jambo jipya anahitaji vipuri tofauti, muda wa kujaribu na ruhusa ya kukosea kidogo, na vyote hivyo hutolewa na mtu ambaye hakusafiri. Mkurugenzi akae na wakuu hao kabla ya safari, wakubaliane ni nini kitabadilika kundi likirudi.

Zungumzeni pia juu ya mshahara mapema. Fundi aliyefunzwa kwa gharama kubwa hutafutwa na wengine, na mkataba wa kumfunga miaka miwili au mitatu bila kumwongezea kipato humfanya ahesabu siku. Mpandisheni cheo kadiri anavyothibitishwa, na mlipeni posho kwa kila mwenzake atakayemfundisha mpaka akathibitishwa.

Hatua ya nane: endesheni bila mtaalamu angali yupo

Miezi mitatu kabla ya mkataba wa mtaalamu kwisha, mwondoeni kiwandani kwa wiki mbili kamili. Abaki mjini, simu yake izimwe kwa ajili ya kiwanda, na mafundi wenu waendeshe kila kitu, ikiwa ni pamoja na kubadilisha aina ya bidhaa na kufanya matengenezo makubwa angalau mara moja. Andikeni kila mahali walipokwama, kila mara walipotamani kumpigia, na kila uamuzi walioufanya kwa kubahatisha.

Akirudi, msimwonyeshe tarakimu za uzalishaji kwanza. Mpeni orodha ya mlipokwama, mketi naye mstari kwa mstari, na miezi iliyobaki itumike kwa orodha hiyo peke yake. Kisha mwezi mmoja kabla hajaondoka rudieni zoezi, safari hii zamu nyingine ikiwa kazini, na malipo ya mwisho ya leseni yasainiwe baada ya zamu hiyo kukabidhi daftari lake.